Kuifufua TRS-80 Model 100: umeme kwanza, programu baadaye

TRS-80 Model 100, kompyuta ya kubebeka, iliingia sokoni Marekani mwaka 1983. Radio Shack ndio waliouza, Kyocera wa Japani ndio waliotengeneza. Ina ukubwa wa daftari nene, uzito wake haufiki kilo mbili, na kioo chake kinaonyesha mistari 8 yenye herufi 40 kila mmoja. Inatumia betri nne za AA, zile zile unazonunua dukani kwa ajili ya redio au rimoti. Prosesa ni 80C85 ya megahezi 2.4, ROM (kumbukumbu ya kudumu yenye programu za kiwandani) ni kilobaiti 32, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ni kuanzia kilobaiti 8 hadi 32. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu ukiwasha tu, menyu iko mbele yako. Hakuna kusubiri chochote.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika tangu mwanzo, mengine yote yatakaa sawa: mashine hii haina diski. Faili unazoandika zinakaa ndani ya RAM, na RAM inaishi kwa umeme tu. Ukikatika umeme wa kumbukumbu, kila kitu kimekwenda. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zinaanzia kwenye betri na bodi, kisha waya, na programu zinafuata mwisho. Anayeanza na programu huzipoteza mara tatu nne kabla hajagundua kwamba kosa liko kwenye betri.

Kabla ya kuweka betri

Fungua kifuniko cha betri chini ya mashine. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vibati vya mguso, betri za zamani zilivuja. Betri za alkali hutoa majimaji ya kibesi, kwa hiyo yasafishe kwa pamba iliyochovywa kwenye siki kidogo, kisha pangusa kwa spiriti ya isopropili na uache pakauke kabisa. Kibati kilicholika mpaka kimekuwa chembamba kibadilishe. Kukikunja kirudi mahali pake kutakusaidia wiki mbili tu.

Sasa tafuta swichi ndogo chini ya mashine iliyoandikwa MEMORY POWER. Lazima iwe ON. Mashine nyingi zinazouzwa kama zimekufa zina swichi hii tu iliyozimwa, kwa sababu mmiliki wa kwanza alifuata maelekezo ya kuihifadhi.

Ukitaka kutumia adapta, soma hapa taratibu. Inahitaji volti 6 DC, miliampea 400, na ncha ya katikati ni hasi. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Usiamini mchoro uliobandikwa juu ya adapta: chukua multimita, weka waya mwekundu ndani ya tundu la plagi na mweusi kwenye ukuta wa nje. Lazima usome namba yenye alama ya kutoa. Ukisoma namba chanya, adapta hiyo si yake. Tena adapta za zamani zenye transfoma nzito, zilizoandikwa volti 6, zinaweza kutoa volti 9 au zaidi zikiwa hazina mzigo. Kwa majaribio ya kwanza ni salama zaidi kutumia betri nne mpya za alkali.

Washa. Kioo kikiwa kitupu, zungusha kwanza gurudumu la DISP pembeni mwa mashine, maana ndilo linaloweka wino wa maandishi. Likishindwa, fanya jaribio hili: zima, washa, bonyeza ENTER mara moja (kwa kawaida kishale huanzia kwenye BASIC), kisha andika BEEP bila kuona unachoandika, na ubonyeze ENTER tena. Ukisikia mlio, prosesa, ROM na kibodi ni vizima. Kilichokufa ni umeme wa kioo, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kapasita.

Kapasita na betri ya ndani

Mashine ina saketi inayopokea volti 6 za betri na kutoa mbili nyingine: chanya 5 kwa ajili ya chipu, na hasi 5 kwa ajili ya kioo na mlango wa siriali. Kapasita za elektroliti zilizowekwa kiwandani zimeshapita miaka 40. Zinavuja polepole, majimaji yake yanakula njia za shaba kwenye bodi, na ile hasi 5 ndiyo hudhoofika mapema. Dalili yake ni kioo kilichofifia hata DISP ikiwa mwisho, au kinachoonekana vizuri dakika chache kisha kinapotea.

Zima mashine, toa betri, geuza, na ulegeze skrubu nne kwa bisibisi ya nyota. Nusu ya juu (kibodi na kioo) na nusu ya chini (bodi kuu) zimeunganishwa kwa nyaya, kwa hiyo usizivute zikaachana. Fungua taratibu kama kitabu, uone kila plagi imekaa upande gani, piga picha kwa simu, ndipo uchomoe. Plastiki yake imekauka. Ukiiforsi inapasuka pembeni mwa matundu ya skrubu.

Badilisha kapasita zote za elektroliti kwa mkupuo mmoja, za bodi kuu na zile chache za bodi ya kioo. Soma thamani iliyoandikwa ubavuni mwa kila moja na ununue yenye mikrofaradi ile ile, volti sawa au zaidi, na ya nyuzi joto 105. Fundi wa Luthuli au Kariakoo anazo karibu zote, ila pima urefu kwanza: nafasi chini ya kibodi ni ndogo, na kapasita ndefu itazuia mashine isifungike. Toa moja, weka moja. Mstari mweupe ubavuni ni upande wa hasi. Unapochoma mguu wa kapasita iliyovuja utasikia harufu kama ya samaki aliyechacha. Ukiinusa, jua majimaji yameshafika chini, kwa hiyo osha sehemu hiyo kwa spiriti na mswaki kabla ya kuweka mpya, la sivyo risasi ya kulehemu haitashika. Fungua dirisha pia.

Ukiwa ndani, angalia betri ndogo iliyolehemewa kwenye bodi kuu. Hii ndiyo inayoshikilia RAM na saa wakati betri za AA zimetolewa. Ya asili ni ya nikeli-kadimi, volti 3.6, miliampea-saa 50, nayo huvuja vilevile. Weka ya NiMH ya volti 3.6 ya takribani miliampea-saa 80 yenye miguu inayoingia kwenye matundu yale yale. Usiweke betri ya lithiamu ya sarafu, kwa sababu saketi hii huichaji betri yake kila mashine inapopata umeme, na sarafu ya kawaida haikutengenezwa kuchajiwa. Itavimba au kupasuka. Betri ya asili ilipokuwa mpya na imejaa ilishikilia RAM ya kilobaiti 32 kwa siku 8 hivi, na ya kilobaiti 8 kwa karibu mwezi mzima. Mara ya kwanza iache ijichaji siku nzima kabla ya kuitegemea.

Kuhusu kioo: kinaendeshwa na chipu kumi, tano juu na tano chini. Ukiona pande moja la mstatili halionyeshi kitu na mengine yanaonyesha, kioo chenyewe ni kizima. Tatizo ni chipu moja au miguu yake. Mara nyingi kugusa upya miguu hiyo kwa risasi mpya na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) kunatosha.

Kuanza upya na kuweka saa

Baada ya kufunga, RAM ina takataka. Unatakiwa kufanya uanzishaji baridi: shika CTRL na ufunguo wenye maandishi PAUSE na BREAK, ukiwa umezishika bonyeza kitufe cha RESET kilicho nyuma, kisha achia. Hili linafuta kila kitu, kwa hiyo usilifanye siku nyingine kama hukukusudia. RESET peke yake kwa kawaida haifuti faili.

Menyu inatokea: BASIC, TEXT, TELCOM, ADDRSS, SCHEDL. Chini kabisa kuna idadi ya baiti zilizobaki, na hiyo ndiyo ripoti ya afya ya RAM. Mashine ya kilobaiti 32 lazima ionyeshe 29638, ya 24 ionyeshe 21446, ya 8 ionyeshe 5062. Ulinunua ukiambiwa ni 32 na ukaona 21446? Moduli moja ya kilobaiti 8 haisomeki: imekaa vibaya kwenye soketi au imekufa.

Ingia BASIC, andika mistari hii mmoja mmoja:

```
DATE$="05/14/26"
DAY$="Thu"
TIME$="14:30:00"
```

Mwezi unatangulia siku. Jina la siku mashine haikokotoi, unaliandika mwenyewe kwa herufi tatu za Kiingereza. Mwaka utaonekana 1926, kwa sababu ile 19 imeandikwa ndani ya ROM. Haiharibu chochote, na saa itaendelea kwenda vizuri.

Mashine hujizima yenyewe baada ya dakika 10 bila kuguswa. Ukitaka isijizime wakati wa kuhamisha faili, andika POWER CONT. Kuirudisha, andika POWER 100, maana hesabu yake ni sehemu za kumi za dakika.

Kuandika

TEXT ndiyo sababu watu bado wanaitumia mashine hii. Chagua TEXT, ipe faili jina lisilozidi herufi sita, anza kuandika. Hakuna haja ya kuhifadhi, kwani kila herufi inakaa kwenye RAM pale pale unapoiandika. F1 inatafuta neno, F7 inaanza kuchagua, F5 inanakili, F6 inakata, ufunguo wa PASTE unabandika, F8 inakurudisha kwenye menyu.

Kiswahili kimebahatika hapa. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII ya kawaida, hata ng' inahitaji koma ya juu tu, kwa hiyo huhitaji fonti wala jedwali la herufi kama anavyohitaji mwandishi wa Kifaransa. Kila herufi ni baiti moja. RAM iliyojaa inabeba takribani maneno 4,000 ya Kiswahili. Lakini usiijaze mpaka mwisho, kwa sababu kukata na kubandika kunahitaji nafasi.

ADDRSS na SCHEDL hazitafanya kitu mpaka utengeneze faili zake kwa TEXT: ADRS.DO kwa ajili ya anwani, NOTE.DO kwa ratiba. Mstari mmoja, rekodi moja. Hapo ndipo F1 itapata cha kutafuta. Menyu nzima ina nafasi ya faili 19 zako, haijalishi ni ndogo kiasi gani.

Waya wa siriali

Modemu ya ndani, ya baudi 300 (baudi ni kipimo cha kasi ya kutuma), ilitengenezwa kwa simu za mezani. Iache. Njia ya kutoka na kuingia leo ni mlango wa RS-232 ulio nyuma, wenye matundu 25. Unahitaji waya wa null modem (unaopishanisha kutuma na kupokea) wenye kichwa cha kiume cha pini 25, na adapta ya USB kwenda siriali. Ukitengeneza mwenyewe, pini 2 iende 3 na 3 iende 2 (kwa hesabu ya kichwa cha pini 25 pande zote mbili), 4 na 5 zipishane, 6 na 20 zipishane, na 7 iende 7. Waya ulionyooka utaingia vizuri kabisa na hautapitisha herufi hata moja.

Ingia TELCOM, programu ya mawasiliano, bonyeza F3 (Stat), andika 88N1E. Maana yake: 8 ya kwanza ni baudi 9600, 8 ya pili ni biti nane, N hakuna pariti, 1 ni biti moja ya kusimamia, E ni XON/XOFF (ishara za "endelea" na "simama") imewashwa. Ukisahau hatua hii, mashine inabaki na mpangilio wake wa asili unaoanza na M, yaani modemu, na utakaa ukiushuku waya bure. Baada ya hapo F4 (Term), kisha F2 (Down) upokee faili, au F3 (Up) utume. F8 inatoka.

Kosa linalosumbua karibu kila mtu ni herufi kupotea katikati ya faili. Sababu yake ni hii: mashine ina ghala la kupokelea la baiti 64 tu, na ikifika 40 inatuma XOFF kuomba mwenzake asimame. Adapta nyingi za USB huwa zimeshabeba pakiti nzima mkononi na huendelea kumwaga kabla hazijasikia ombi hilo. Wakati huo kioo kinahangaika kusogeza mistari. Tiba ziko tatu: nunua adapta yenye chipu ya FTDI, inayoweza kushughulikia XON/XOFF yenyewe, au weka kuchelewa kwa milisekunde 5 hadi 10 kwa kila herufi (kwenye Windows, Tera Term ina sehemu hiyo katika mipangilio ya siriali), au shuka mpaka 58N1E, ambayo ni baudi 1200.

Kosa la pili ni mwisho wa mstari. Model 100 inataka CR, herufi ya ENTER. Faili la Linux lina LF, alama nyingine ya mstari mpya, kwa hiyo mashine hailioni mstari ukiisha. Kwenye Linux hivi ndivyo faili la BASIC linavyotumwa:

```
stty -F /dev/ttyUSB0 raw 9600 cs8 -parenb -cstopb clocal ixon -echo
(tr '\n' '\r' < SAA.DO; printf '\032') > /dev/ttyUSB0
```

Ile \032 ni Control-Z, alama ya mwisho wa faili. Bila hiyo BASIC itaendelea kusubiri, na utadhani imeganda. Upande wa Model 100, kabla ya kutuma, andika LOAD "COM:88N1E" ndani ya BASIC. Kwa kutoa, andika SAVE "COM:88N1E", au ukiwa ndani ya TEXT bonyeza F3 na ujibu COM:88N1E.

Jaribu kwa programu hii. Inasoma saa ya mashine na kuionyesha kwa hesabu yetu:

```
10 CLS
20 H=VAL(LEFT$(TIME$,2)):M$=MID$(TIME$,4,2)
30 K=(H+6) MOD 12:IF K=0 THEN K=12
40 IF H<6 OR H>=18 THEN N$="usiku " ELSE N$="mchana"
50 PRINT @130,"Saa";STR$(K);":";M$;" ";N$;"  ";
60 FOR I=1 TO 500:NEXT
70 GOTO 20
```

Saa 14:30 itatokea "Saa 8:30 mchana". Simamisha kwa SHIFT na BREAK, kisha SAVE "SAA". Itakaa kwenye menyu kama SAA.BA, na kila ukiichagua itajiendesha. Ikitokea kosa la sintaksia mstari ambao kwenye kompyuta yako uko sawa, orodhesha kwa LIST 50 uangalie: utakuta herufi imedondoka njiani.

Diski na programu za miaka ile

Tandy walikuwa na diski ya kubeba ya inchi 3.5 iliyoingia kwenye RS-232, ikibeba kilobaiti 100. Diski zenyewe leo ni taabu, maana mkanda wa mpira wa ndani umegeuka ulimbo. Kilicho bora ni kuiga: programu ya LaddieAlpha au dlplus kwenye kompyuta ya kisasa hujifanya ndiyo ile diski, na folda yako inaonekana kama diski kwa Model 100. Mazungumzo hayo huenda kwa baudi 19200.

Upande wa Model 100 kunahitajika mteja. TEENY haichukui hata kilobaiti moja na inafanya mambo machache tu, ndiyo inayofaa mashine ya kilobaiti 8. TS-DOS ya Traveling Software ina menyu kamili, lakini inakula RAM. Kuiingiza mara ya kwanza ni kwa RUN "COM:98N1E" huku dlplus ikiwa kwenye hali yake ya kuanzisha, maana bado huna programu ya kuletea programu. Michezo, wahariri wa maandishi na zana nyingi za miaka ya 1980 zinapatikana kwenye maktaba ya Club 100.

Faili za .DO ni maandishi, .BA ni BASIC, .CO ni lugha ya mashine. Hizo .CO zinataka uangalifu. Kila moja hupakiwa kwenye anwani yake maalumu juu ya RAM, na lazima BASIC iambiwe iache nafasi hiyo kwa CLEAR yenye anwani iliyotajwa katika maelezo ya programu. Mbili zenye anwani moja hufutana. Inayobaki hukimbia ndani ya takataka, mashine inaganda, na wakati mwingine njia pekee ya kutoka ni uanzishaji baridi, pamoja na faili zako zote. Ukimaliza kutumia .CO, rudisha nafasi kwa CLEAR 256,MAXRAM, na kabla ya kujaribu yoyote mpya toa kwanza maandishi yako kwa waya.

Chini ya mashine kuna kijifuniko cha ROM ya ziada. Zamani waliweka humo Lucid, jedwali la hesabu la PCSG, au Ultimate ROM II. Mpangilio wa miguu ya soketi hiyo si ule wa EPROM (chipu za ROM unazoweza kuziandika mwenyewe) za kawaida, kwa hiyo chipu iliyochomwa ikawekwa moja kwa moja inaweza kuungua. Pata kibebeo chake, au REX, kibao kidogo cha saketi cha siku hizi kinachobeba ROM kadhaa pamoja na nakala ya RAM nzima. Ukishakiweka huamshwa kwa CALL 63012 ndani ya BASIC. Kwa anayetaka kuandika kila siku, REX inafaa kuliko kitu kingine chochote unachoweza kuongeza, kwa sababu nakala ya RAM inakaa humo hata betri zote zikiisha.

Ukiiweka kando

Taa ya betri ikiwaka una kama dakika 20. Zima, badilisha betri zote nne kwa pamoja, RAM itashikiliwa na betri ya ndani. Ukiiacha zaidi ya wiki, hamisha faili zote, toa betri za AA, na kama ni zaidi ya mwezi zima MEMORY POWER. Pwani, ambako chumvi na unyevu hula shaba haraka, iweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na andika kwenye karatasi ndani ya mfuko: swichi ya chini imezimwa.